Kabla Hujalipia Kitabu cha Uuguzi kwa Simu, Pitia Hapa Kwanza

Machi na Septemba ndiyo miezi ambayo wanafunzi wapya huripoti KMTC, na sisi tunaoshughulika na maswali ya wateja tunaijua miezi hiyo hata bila kuangalia kalenda. Kwanza yanakuja maswali ya karo: namba ya Paybill ni gani, namba ya akaunti niweke jina la mtoto ama namba yake ya usajili. Halafu yanakuja ya kodi ya chumba na sare za wodini. Wiki mbili tatu baadaye yanaanza mengine, ya pesa ndogondogo. Mia mbili, mia tatu, mia tano, zote zimetumwa kwa namba za watu binafsi. Ukiuliza zilikuwa za nini, unaambiwa ni za vitabu.

Vitabu vyenyewe si vya karatasi, ni faili. Mwanafunzi ameingizwa kwenye kundi la WhatsApp ama Telegram, akakuta tangazo: vitabu vyote vya KRCHN mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, pamoja na mitihani iliyopita, mia tano tu, tuma kwa namba hii kisha onyesha ujumbe wa malipo. Kuna wanaotumiwa faili hizo kweli. Kuna wanaoblokiwa hapo hapo. Mteja mmoja alituandikia akitaka arudishiwe pesa kwa sababu faili alizotumiwa zilikuwa pungufu. Tulipoangalia orodha ya alichouziwa, kitabu cha kwanza kabisa kilikuwa cha OpenStax, ambacho wenyewe wanakitoa bure kwa kila mtu duniani.

Kazi yetu ni kuhamisha pesa, na mtu angetarajia tufurahie kila muamala. Lakini mia tano ya mwanafunzi wa uuguzi ni chakula cha siku kadhaa, na mara nyingi ni ya mzazi aliyeuza kitu. Basi leo tutaongea kuhusu kile ambacho hufai kukilipia.

Anza na kile ulichokwisha kulipia

Toa ile barua ya kujiunga na chuo, usome mgawanyo wa karo mstari kwa mstari. Vyuo vingi vimeweka ada ya maktaba humo ndani. Hiyo pesa imeenda, iwe umeingia maktaba ama hujaingia. Wanafunzi wengi wanadhani wamelipia kiti, taa na rafu za vitabu vya zamani, kumbe sehemu kubwa ya maktaba ya siku hizi haionekani kwa macho.

Chukua mfano wa Hinari. Mpango huu ulianzishwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na wachapishaji wakubwa, ukaanza kazi mwaka wa 2002. Nia ilikuwa kwamba hospitali, vyuo na vituo vya utafiti katika nchi zisizo na uwezo mkubwa wasome majarida ya afya bure ama kwa bei ya chini sana. Leo Hinari iko chini ya mpango mkubwa zaidi uitwao Research4Life, na ndani yake kuna maelfu ya majarida na makumi ya maelfu ya vitabu. Makala moja ya jarida la kulipia inaweza kukuitisha dola 30 ama zaidi ukiinunua peke yako. Ukipitia Hinari kwa chuo kilichosajiliwa, hulipi chochote.

Kinachowapotosha watu ni jambo moja: Hinari haisajili mtu binafsi. Chuo ndicho kinachosajiliwa, na jina la kuingilia pamoja na nywila hukaa kwa mkutubi. Usipomuuliza hutaijua. Kwa hivyo siku moja kabla ya darasa la alasiri, ingia maktaba, msalimie mkutubi vizuri, umwambie: "Naomba kuonyeshwa jinsi ya kuingia Hinari na vitabu vingine vya mtandaoni, hata nikiwa nje ya chuo." Hilo la nje ya chuo usilisahau, kwa sababu baadhi ya huduma hufunguka tu ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo mpaka uwekewe njia ya kuingilia ukiwa nyumbani. Na nywila hiyo usiirushe kwenye kundi. Ni ya taasisi nzima, na ikisambaa ovyo taasisi nzima inaweza kufungiwa.

Kisha kuna KLISC, muungano wa maktaba za vyuo na taasisi za Kenya. Ukitaka kuuelewa haraka, fikiria chama. Chuo kimoja peke yake hakingeweza kumudu bei ya hayo majarida, basi maktaba zinaungana, zinachanga, zinanunua kwa pamoja. Kama chuo chako ni mwanachama, wewe unakula matunda ya mchango huo. Mkutubi anajua. Kusema kweli, mkutubi ndiye mtu anayetumiwa vibaya kuliko wote chuoni: anaulizwa choo kiko wapi na Wi-Fi inaitwaje, basi, ilhali alisomea kutafuta habari.

Vya bure ambavyo havihitaji chuo

Sasa tuseme chuo chako ni kidogo na maktaba yake ni chumba kimoja. Ama umemaliza masomo na unangoja kuajiriwa. Bado kuna mengi.

OpenStax ni mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Kitabu chao cha anatomia na fiziolojia kimekuwepo tangu 2013, na mwaka wa 2024 walitoa mfululizo mzima wa uuguzi: misingi ya uuguzi, stadi za kliniki, dawa, uuguzi wa wagonjwa wazima, mama na mtoto mchanga, afya ya akili, lishe, afya ya jamii. Unavisoma kwenye simu bila kujisajili ama unavipakua, kihalali kabisa. Ukiona mtu anakuuzia kitabu chenye jina hilo, mwache aendelee na safari yake.

Hata hivyo vitabu hivi viliandikwa kwa ajili ya wodi za Marekani, na hilo lina madhara madogo ambayo afadhali uyajue mapema. Watakuambia acetaminophen, wewe unaijua kama paracetamol. Watasema albuterol, kwenye kabati la dawa la hapa imeandikwa salbutamol. Epinephrine ni adrenaline. Joto la mwili wanalipima kwa Farenhaiti, kwa hivyo 98.6 yao ni 37 yetu. Na sukari ya damu ndiyo inayokoroga watu zaidi: wao wanaandika miligramu kwa desilita, kipimo chako hospitalini kinasoma milimoli kwa lita. Gawanya namba yao kwa 18. Yaani 126 ya kitabu ni 7.0 ya kwenye kipimo chako. Andika hiyo hesabu nyuma ya daftari lako la wodi, itakuokoa siku ya mtihani na siku ya kazi pia.

Mahali pengine ni PubMed, ghala la Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambalo limekuwa wazi kwa umma tangu 1997. PubMed hukuonyesha muhtasari wa makala, na mara nyingi ndipo mwanafunzi anapokata tamaa, kwa sababu akibonyeza anaambiwa alipe. Tafuta upande wa vichujio mahali palipoandikwa "Free full text", ubonyeze hapo. Orodha itapungua, lakini kila kilichobaki unaweza kukisoma chote bila kulipa. Nyingi ya hizo makala ziko PubMed Central. Dada yao mwingine ni Bookshelf, rafu ya vitabu vya bure chini ya paa hilo hilo. Humo kuna vitabu vya Open RN, vilivyoandikwa na walimu wa uuguzi kwa lugha rahisi, na sisi tungemshauri wa mwaka wa kwanza aanze na hivyo kabla ya vile vinene.

Ukitaka utafiti uliofanywa huku kwetu, ingia AJOL, ghala la majarida ya Afrika linaloendeshwa kutoka Afrika Kusini. Wengi hawalifikirii. Ukiandika mradi wa utafiti kuhusu, tuseme, akina mama wanaojifungulia nyumbani Turkana, hutapata msaada mkubwa kwenye makala ya hospitali ya Boston.

Na Kiswahili je? Kitabu cha Hesperian kinachojulikana kwa Kiingereza kama *Where There Is No Doctor* kina toleo la Kiswahili, *Mahali Pasipo na Daktari*, na wachapishaji wenyewe wameliweka mtandaoni. Hutalitumia kujibu mtihani. Litakufaa siku umepelekwa mafunzo ya jamii kijijini, umekaa mbele ya nyanya mwenye kikohozi cha mwezi mzima, na maneno yote uliyosoma ni ya Kiingereza. Kuna pia video fupi za Global Health Media kuhusu kujifungua, kunyonyesha na kumhudumia mtoto mchanga, baadhi zikiwa kwa Kiswahili. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha mwonyeshe mama wodini.

Kwa nini faili ya zamani inaweza kumuumiza mgonjwa

Tungeweza kuishia kwenye hasara ya mia tano, lakini kuna hasara nyingine ambayo haina namba ya kurejesha pesa.

Faili zinazouzwa kwenye makundi ni za kunakiliwa na kunakiliwa tena. Maandishi ya darasani ya mtu aliyemaliza zamani yamepigwa picha, yakageuzwa PDF, yakapewa jalada jipya. Hakuna tarehe. Sasa fikiria malaria kali kwa mtoto. Kwa miaka mingi dawa iliyofundishwa ilikuwa kwinini. Mwaka wa 2010 jarida la *The Lancet* lilichapisha utafiti uitwao AQUAMAT, uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo. Nusu walipewa kwinini, nusu artesunate ya sindano. Waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki. Waliopewa artesunate, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata WHO ilibadilisha mwongozo wake kwa watoto, na Kenya nayo ikabadilisha wa kwake.

Mwanafunzi aliyenunua maandishi ya kabla ya hapo atajibu kwinini kwenye mtihani na akose alama. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba siku moja atakuwa peke yake zamu ya usiku kwenye zahanati, na kilichomkaa kichwani ni kile alichokisoma kwanza.

Miongozo ya sasa ya nchi hii haiuzwi. Wizara ya Afya huitoa kama PDF: mwongozo wa malaria, wa kifua kikuu, wa Ukimwi, orodha ya dawa muhimu. Kwa watoto kuna kile kijitabu kinachoitwa *Basic Paediatric Protocols*, ambacho utakikuta kwenye mfuko wa koti la daktari yeyote wa wodi ya watoto. Kinapatikana bure mtandaoni, na kimetolewa upya mara kadhaa. Kabla hujakipakua angalia mwaka kwenye jalada. Kwa kweli angalia mwaka kwenye jalada la kitu chochote cha afya, na kama hakina mwaka, usikitumie kusomea dozi.

Bando lako

Tunajua mtasema "bure" si bure kama unanunua data. Ni kweli. Kitabu kizima chenye picha za rangi ni faili nzito, na video ya saa moja inaweza kumeza bando la wiki. Ndiyo maana tunashauri ugawanye kazi. Vitu vizito vipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, ama kwenye maktaba ya umma. Zile maktaba zilizoanzishwa chini ya huduma ya taifa ya maktaba, knls, tangu miaka ya 1960, ziko katika miji mingi ya kaunti, na nyingi zina kompyuta na intaneti. Uliza mlangoni kama kuna ada na ni ya kiasi gani. Ukiwa nyumbani, soma kitabu sura kwa sura kwenye kivinjari badala ya kupakua chote, na ukitafuta PubMed zima ile tabia ya kufungua video pembeni. Maandishi matupu hayali data sana.

Jambo lingine: kama mko wanne chumba kimoja, hakuna haja ya wote wanne kupakua faili ile ile. Mmoja apakue, awarushie wengine simu kwa simu bila data. Kwa vitabu vyenye leseni huria kama vya OpenStax, hilo linaruhusiwa.

Ukilazimika kulipa

Si kila kitu ni bure na hatutaki kuwadanganya. Vitabu kama *Myles* cha wakunga na *Brunner* vina wenyewe, na walimu wengi bado wanavitaka. Ukiweza, azima maktaba. Ukitaka chako, nunua cha karatasi, hata kilichotumika, kwa mwenye duka ama kwa mwanafunzi anayemaliza ambaye mnaonana ana kwa ana. Kile kinachouzwa kwenye kundi kwa mia mbili ni nakala ya wizi, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haimtetei muuzaji wala haikupi wewe nguvu ya kudai risiti.

Ukilipa, fanya hivi. Kabla muamala haujakamilika, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Lisome. Kama umeambiwa unalipa duka la vitabu na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama hapo. Duka lenye biashara ya kweli huwa na till ama Paybill yenye jina la biashara. Malipo ya taasisi za serikali yameelekezwa eCitizen, ambako Paybill ni 222222, na namba ya akaunti huipati kwa mtu. Unaipata mwenyewe baada ya kuingia kwenye mfumo na kuchagua huduma. Mtu akikuambia umtumie yeye kwanza ili "akusaidie kusajili mtihani", huyo anataka pesa zako tu.

Na kuna wale wanaouza karatasi ya mtihani wa leseni kabla ya siku yenyewe. Bei yao ni kubwa, wanaomba kwa awamu, na kila awamu wana sababu mpya. Karatasi yenyewe karibu kila mara ni feki. Lakini hata feki hiyo, jina lako na muamala wako viko pale, na umeanza kazi ya kushika maisha ya watu ukiwa na rekodi ya kununua mtihani.

Kama tayari umetuma

Usingoje mpaka kesho. Huduma ya kurejesha pesa iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea namba, na hufanya kazi vizuri pesa zikiwa bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea. Akishazitoa kwa wakala, sisi hatuna kitu cha kurudisha. Kwa hivyo tupigie mara moja, ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi, usiufute. Tuambie ukweli: kama ulituma kwa hiari ukidhani unanunua, sema hivyo, usiseme ulikosea namba. Ukisema ulikosea namba na aliyepokea akatoa mazungumzo yenu, kesi inakugeukia. Piga picha tangazo, mazungumzo na namba ya muuzaji kabla hajafuta kundi, kisha uende kituo cha polisi ukaandikishe, upewe namba ya OB. Kwa namba hiyo tunaweza kushirikiana na polisi kufuatilia aliyepokea, na kama kuna wenzako walioandikisha dhidi ya namba ile ile, malalamiko yenu yanaungana.

Halafu ujumbe kama "nimekosea nikakutumia mia tano, tafadhali nirudishie" ukiingia jioni hiyo hiyo, usirudishe kwa mkono. Tupigie sisi.